Ilimu ya Mguu wa Kushoto

Barabara itokayo Mombo kwenda Lushoto hupanda mlima kwa kiasi cha kilomita 33, na katika mwendo huo mfupi msafiri huinuliwa takriban mita 1,000, kutoka harara ya bondeni hadi baridi ya Usambara, kona juu ya kona, huku genge likiwa mkono mmoja na bonde mkono wa pili. Katika barabara hiyo ndipo marehemu mjomba wangu, aliyekula umri wake katika udereva wa malori, aliponifundisha kuendesha gari. Naye alinifundisha kwa Land Rover kuukuu ya kabla ya mwaka 1971, ambayo gia zake mbili za chini hazikuwa na sinkronaiza, hata ikawa kila nilipotaka kurudi namba mbili sharti nikanyage klachi, nitoe gia na kuiacha nyutro, niachie klachi, nitie mafuta kidogo, nikanyage tena, ndipo niiingize. Nilipokosea kipimo, giaboksi ilipiga ukelele wa meno yanayosagana, na wauza matunda wa kando ya njia wakageuza shingo. “Usiitazame gia, mjomba,” alikuwa akiniambia, maana kwetu mjomba na mpwa huitana jina moja, “isikilize injini. Ikichoka itakwambia.”

Ilimu hiyo sasa inakaribia kuwa ya wazee. Nchini Marekani, katika kila magari mapya 100 yanayouzwa leo, yenye gia za mkono hayafiki 2. Japani, mwaka 1991, ilianza kutoa leseni maalumu kwa dereva wa otomatiki peke yake, na tangu hapo kijana wa huko akapata ruhusa ya kuingia barabarani bila ya kuijua klachi katika maisha yake; na kwa kuwa Wajapani huendesha upande wa kushoto kama sisi, na magari yao waliyoyatumia ndiyo yashushwayo kwa maelfu katika bandari za Mombasa na Dar es Salaam, uamuzi wa Tokyo umetufikia sisi pia, bila ya mtu kutuuliza rai yetu. Vitz na IST zilizojaa mitaani aghalabu ni otomatiki. Gia za mkono zimebaki kwa malori, kwa Hiace nyingi za daladala na matatu, kwa Land Cruiser za mbugani, na kwa watu wachache wakaidi, ambao mwandishi wa makala haya ni mmoja wao.

Kabla sijautetea ukaidi wangu, yapasa kwanza kueleza kwa nini gari lina gia, maana wengi wetu huzibadili kila siku bila ya kuuliza sababu yake. Sababu ni udhaifu wa injini. Punda aliyesimama anaweza kuvuta mkokoteni kwa nguvu zake zote tangu hatua ya kwanza, lakini injini ya petroli iliyosimama haina nguvu hata chembe, na ikizunguka polepole kupita kiasi huzimika. Tuchukue gari dogo ambalo kila mzunguko mmoja wa tairi hulisogeza mbele mita 1.9, na injini yake haiwezi kwenda chini ya mizunguko 800 kwa dakika. Tukiifunga injini hiyo na magurudumu kwa kipimo cha gia namba tano, yaani izunguke mara 3.2 kwa kila mzunguko mmoja wa tairi, mwendo mdogo kabisa wa gari hilo utakuwa kilomita 28 kwa saa, na atakayetaka kulipanda itambidi alikimbilie. Tukiifunga kwa kipimo cha namba moja, mara 14, gari litatambaa kwa kilomita 6 hivi, nalo litapata nguvu ya kuvuta iliyozidi ile ya kwanza zaidi ya mara 4. Walakini likitakiwa lifike kilomita 100, injini italazimika kuzunguka zaidi ya mara 12,000 kwa dakika, na injini za namna hiyo hupasuka kabla ya kufika huko.

Ukweli huu haukuanza kuonekana vitabuni. Ulianza kuonekana milimani, na aliyeuona kwa macho yake ni mwanamke. Mwezi wa Agosti 1888 Bertha Benz alilichukua gari la mumewe, Karl, akawapakia wanawe wawili, akasafiri kutoka Mannheim hadi Pforzheim, mwendo wa zaidi ya kilomita 100 ambao hapana aliyekuwa ameuthubutu kwa chombo cha aina ile. Tambarare gari lilikwenda vizuri. Vilimani lilishindwa, ikawa kazi ya kushuka na kusukuma. Bibi huyo aliporejea alimshauri mumewe aongeze gia ya kupandia mlima, naye Benz akaiongeza.

Baada yake yalifuata marekebisho ya mafundi wengine. Émile Levassor wa Paris, katika miaka ya 1890, alitengeneza giaboksi ya meno yanayosukumwa yaingiane, na yasemwa kwamba yeye mwenyewe alikiri kuwa jambo lile ni la kikatili ila linafanya kazi. Ukatili ule ulidumu hadi mwaka 1928, Cadillac ilipoleta sinkronaiza, kipete cha shaba kinachosuguana na gia na kuilinganisha kasi yake kabla meno hayajakutana, kazi ileile niliyokuwa nikiifanya mimi kwa mguu na sikio pale Mombo.

Lakini kiini cha mambo yote ni klachi, nami naomba ruhusa ya kukawia hapo. Kati ya injini na giaboksi pana gurudumu zito la chuma linalozunguka pamoja na injini, na mbele yake pana pleti nyembamba iliyovikwa kitambaa kigumu cha msuguano, na nyuma ya pleti pana springi kali inayoibana na gurudumu lile. Ukikanyaga, springi inalegea na vitu viwili vinaachana, ukiachia, vinakumbatiana. Kumbuka hesabu yetu: namba moja haiwezi kwenda chini ya kilomita 6 kwa saa, na gari limesimama, yaani liko sifuri. Baina ya sifuri na 6 gari letu halina gia yoyote. Pengo hilo huzibwa na mtelezo wa pleti peke yake, kwa sekunde moja au mbili, na anayeupima mtelezo huo ni mguu wa kushoto wa binadamu. Pedeli inapopanda hufika mahali, pengine upana wa kidole tu, ambapo mlio wa injini huzama kidogo, boneti ikajiinua kama mnyama anayetaka kusimama, na mtetemo mwembamba ukapita kitini hadi kiunoni. Madereva husema klachi imeshika. Hapana taa inayowaka, hapana mshale unaosogea. Habari yote imekuja kwa njia ya nyayo na sikio, imepokewa na mishipa ya fahamu iliyomo ndani ya misuli na kano, ikapelekwa katika ubongo mdogo ulioko kisogoni, na mguu umekwisha jibu kabla akili haijatamka neno. Mwanafunzi huzimisha gari mara ishirini akiitafuta nukta hiyo. Akishaipata, haisahau tena, na ukimtaka akueleze ilipo hawezi.

Sasa nimpe mpinzani wangu haki yake. Otomatiki si uvivu wa kisasa kama wasemavyo baadhi ya wenzangu, bali ni maarifa makubwa ambayo asili yake ni baharini. Mhandisi Mjerumani Hermann Föttinger, mwaka 1905, alisajili hataza ya kifaa cha kuunganisha mashine ya meli na rafadha yake kwa kimiminika badala ya chuma. Weka feni mbili zitazamane, uwashe moja, na ya pili itaanza kuzunguka kwa upepo wa mwenzake. Badala ya upepo weka mafuta ya mashine, uzifungie feni hizo katika chungu kimoja, na hapo unayo klachi isiyo na pedeli, inayoteleza yenyewe gari likisimama na kuvuta yenyewe likianza kwenda. Kiasi cha miaka 35 baadaye General Motors ilichukua hikima hiyo, ikaiunganisha na gia zinazojibadili kwa shinikizo la mafuta, ikaiuza katika magari ya Oldsmobile ya mwaka 1940 kwa jina la Hydra-Matic. Hiyo ndiyo sababu pia kwamba gari la otomatiki betri ikifa haliwaki kwa kusukumwa, hata uwaite vijana wa mtaa mzima: pampu inayoyapa mafuta shinikizo huzungushwa na injini, na injini imelala.

Wapenzi wa gia za mkono wamezoea kutoa hoja mbili, nazo zote, kwa insafu, zimekwisha kufa. Ya kwanza ni kwamba klachi hula mafuta kidogo. Ilikuwa kweli zama zile mafuta ya mashine yalipokuwa yakivurugwa bure na kugeuka joto, na otomatiki ikiwa na gia tatu au nne tu. Leo feni zile hufungwa pamoja gari likishika mwendo, gia zimekuwa 8 na hata 10, na mashine inajua saa ya kubadili kuliko mimi. Hoja ya pili ni kasi. Mkono hodari hubadili gia kwa nusu ya sekunde hivi. Giaboksi ya klachi mbili, ambayo Volkswagen iliitia katika Golf mwaka 2003, hubadili kabla ya kope kufumba na kufumbua. Anayechagua gia za mkono kwa ajili ya petroli au mbio anajidanganya.

Husemwa pia kwamba klachi humfanya dereva awe macho. Hapa wanasayansi wametuletea habari zisizoelemea upande mmoja. Mwaka 1998 David Shinar na wenzake, huko Israeli, waliwapima madereva wapya na wazoefu, wakaona kwamba mgeni wa barabara akiwa na gia za mkono hukosa kuona alama za njiani kuliko mgeni mwenzake wa otomatiki, ilhali kwa wazoefu tofauti hiyo haipo. Yaani klachi humlemea anayejifunza, na akishahitimu humwacha huru. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Virginia waliwajaribu vijana 10 wenye tatizo la kutotulia kwa akili, wakawaona wanaendesha kwa makini zaidi katika gia za mkono. Vijana 10 ni wachache mno kujengea kanuni, nami siwatumii zaidi ya hapo.

Linalonibakiza upande wangu ni jambo jingine, nalo nililiona katika barabara ileile ya utoto wangu. Miaka michache iliyopita nilikodi gari dogo la otomatiki kwenda mazishini Lushoto, na katika kurudi nikashuka kwa kustarehe, gia ikiwa D, mguu juu ya breki. Karibu na kufika chini nilisikia harufu ya kitu kinachoungua, na pedeli ya breki ikawa laini kama mkate uliolowekwa. Gari la kilo 1,200 linaloshushwa mita 1,000 hutoa nishati inayotosha kuchemsha zaidi ya lita 35 za maji, na sehemu kubwa ya joto hilo nilikuwa nimelipeleka katika visahani vya breki, vyenye ukubwa wa sahani ya chakula. Kosa halikuwa la gari. Lilikuwa na nafasi ya L kama yalivyo mengi ya aina yake, na lau ningeiweka hapo, injini ingelizuia gari kwa kujinyonga pumzi yake yenyewe. Walakini katika Land Rover ya mjomba nisingeweza kusahau: mkono ulikuwa tayari juu ya gia, na injini ikipaza sauti ningerudi namba mbili kabla ya kukumbuka kwamba kuna mlima. Mwanasaikolojia Mwingereza Lisanne Bainbridge aliandika mwaka 1983 kwamba mashine inayomfanyia mtu kazi humnyima mazoezi, kisha humdai ustadi uleule siku ya hatari. Hilo ndilo lililonifika.

Wenye mali nao wameanza kudai walichonyang'anywa. Mwaka 2013 Porsche ilitoa 911 GT3 bila ya pedeli ya klachi, kwa hoja sahihi kabisa kwamba mashine ina kasi zaidi. Wateja walinung'unika, na kufikia mwaka 2017 gia za mkono zilikuwa zimerudishwa. Gari la umeme halihitaji gia za namna hiyo hata kidogo, kwa kuwa mota yake, kama punda wetu, ina nguvu zake zote tangu kusimama. Hata hivyo Hyundai, mwaka 2023, iliuza Ioniq 5 N yenye gia za kuiga na mlio wa kuiga, na Toyota imesajili hataza za klachi ya kuiga, pedeli yenye springi ambayo mwisho wake hauna pleti. Mimi hiyo siitaki. Mjomba aliniambia niisikilize injini, na hapo hapana injini ya kusikilizwa.

Nawe msomaji, ikiwa bado unalo gari la klachi, nakuomba mambo mawili tu. Mguu wako wa kushoto usiupumzishe juu ya pedeli gari likiwa mwendoni, maana hata uzito wa kiatu huichosha beringi na kuilegeza pleti. Na ukiwa na kijana nyumbani anayetaka leseni, mpeleke Jumapili asubuhi katika uwanja mtupu, umwache azimishe gari mara ishirini.