Huyu Tunayemwita Bapa

Sisi wanafunzi wa fasihi tuna tabia moja. Tukishamchambua mhusika mkuu kurasa tatu, wote waliobaki tunawafungia katika sentensi moja: eti ni wahusika bapa. Mimi nimefanya hivyo mara nyingi. Mwaka jana, katika igizo letu, nikapewa nafasi ya bawabu, sentensi mbili tu. Ndipo nikajiuliza: ubapa huu ni wa mhusika mwenyewe, au ni wa nafasi aliyopewa? Katika makala haya nitajaribu kulijibu swali hilo kwa kumtazama mwigizaji wa Marekani, Richard Farnsworth.

Farnsworth alizaliwa Los Angeles mwaka 1920. Kwa zaidi ya miaka 30 kazi yake kubwa ilikuwa kuanguka farasini kwa niaba ya nyota wa filamu. Yaani alivyoifanya vizuri zaidi, ndivyo mtazamaji alivyozidi kutomjua. Mwaka 1978, katika Comes a Horseman, aliigiza mchunga ng'ombe mzee, Dodger, akateuliwa kuwania Oscar ya mwigizaji msaidizi. Alikuwa na miaka 58.

Nafasi kubwa ikaja mwaka 1999, katika The Straight Story ya David Lynch. Kisa ni cha kweli: mwaka 1994 mzee Alvin Straight alisafiri maili 240, kutoka Iowa hadi Wisconsin, juu ya mashine ya kukatia majani, akamwone kaka yake mgonjwa. Hebu tazama pale Alvin anaposimulia kilabuni jinsi alivyomuua mwenzake vitani kwa bahati mbaya. Farnsworth hapazi sauti. Anasema polepole, ananyamaza, uso unamalizia. Wakati huo mwenyewe alikuwa na saratani iliyokuwa imeenea hadi mifupani. Aliteuliwa kuwania Oscar ya mwigizaji mkuu wa kiume akiwa na miaka 79, mkubwa kuliko wote waliowahi kuteuliwa kuwania tuzo hiyo hadi hapo. Hakushinda, na Oktoba 2000 akafariki.

Je, kipaji kilimjia uzeeni? Sidhani. Utulivu ule ule Dodger alikuwa nao. Kilichoongezeka ni dakika.

Sikatai kwamba wapo wahusika bapa, tena wengine mwandishi kawafanya hivyo kwa makusudi. Lakini mtazame yule kaka, Lyle. Ameigizwa na Harry Dean Stanton, naye mkongwe wa nafasi ndogo ndogo. Anatokea mwishoni kabisa, anasema maneno machache. Kwa hesabu zetu za darasani, bapa. Kumbe maili zote 240 zimesafiriwa kwa ajili yake! Mwondoe, safari nzima inakosa maana.

Basi wenzangu, kabla hatujaandika ile sentensi yetu moja, tuulize kwanza: mwandishi kampa mtu huyu kurasa ngapi, na yeye kazifanyia nini? Mimi insha yangu ya muhula uliopita nimeanza kuiandika upya.