Kwa nini simu ya intaneti hukatakata ofisini

MAMA anapiga simu zahanati kueleza kuwa mwanawe ana homa kali. Mhudumu anauliza umri wa mtoto, na jibu analosikia ni: "Mi... minne." Ni miezi minne au miaka minne? Anauliza tena, na safari hii sauti inapotea kabisa.

Kero ya namna hii hujitokeza katika ofisi zilizoachana na simu za waya wa zamani na kuhamia simu zinazopita katika mtandao wa kompyuta, ule ule unaobeba barua pepe na mafaili. Lawama huangukia kampuni inayouza huduma ya intaneti, na meneja hukimbilia kununua kasi kubwa zaidi. Wakati mwingine huwa amepatia. Wakati mwingine chanzo kimo ndani ya jengo lake mwenyewe, katika kisanduku chenye matundu mengi ya nyaya kiitwacho swichi.

Swichi hii si ile ya kuwashia taa. Kazi yake ni kupokea data kutoka kwenye kompyuta, printa na simu za ofisi, kisha kuipeleka inakotakiwa. Humo ndani, sauti ya binadamu ni data kama data nyingine. Simu huikata katika vipande vya milisekunde 20, ikakifunga kila kipande katika pakiti yake, na kutuma pakiti 50 kila sekunde.

Mzigo huo ni mdogo. Kwa mfumo wa sauti uliozoeleka, uitwao G.711, simu moja hutumia takriban kilobiti 87 kwa sekunde kwa kila upande. Watu 20 wakizungumza kwa wakati mmoja hawafikishi megabiti 2, ilhali waya wa kawaida wa ofisi hubeba megabiti 100 au 1,000. Kwa nini basi sauti ikatike?

Jibu ni foleni. Mhasibu anaponakili faili kubwa kwenda kwenye seva, kompyuta yake humimina maelfu ya pakiti kwa mkupuo, nazo hujazana mbele ya tundu moja la kutokea. Pakiti ya sauti ikifika wakati huo husubiri nyuma yake, au hutupwa ikiwa nafasi imekwisha. Faili halidhuriki, kwani pakiti iliyopotea hutumwa upya na hakuna anayegundua. Sauti haina subira hiyo: silabi iliyochelewa haifai tena, kwa kuwa mazungumzo yamekwishasonga mbele.

Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, linapendekeza kuwa safari ya sauti kutoka kinywani mwa msemaji hadi sikioni mwa msikilizaji isizidi milisekunde 150. Enzi za kutegemea satelaiti iliyo umbali wa kilomita 36,000 angani, kupanda na kushuka pekee kulikula karibu milisekunde 240. Kebo ya baharini ya SEACOM iliyofika Dar es Salaam mwaka 2009 ilifungua njia fupi zaidi. Hivyo ucheleweshaji unaozaliwa ndani ya ofisi hauna tena wa kumsingizia angani.

Tiba huanza kwa kuigawa swichi moja katika mitandao pepe miwili, mmoja wa simu na mwingine wa kompyuta, kwa kanuni ijulikanayo kama 802.1Q. Kila pakiti ya sauti hupewa alama ya mtandao wake. Simu nyingi za mezani za aina hii zina matundu mawili, moja la waya utokao kwenye swichi na jingine la kompyuta iliyo jirani, hivyo waya mmoja hutosha kuhudumia mitandao yote miwili bila kutoboa kuta upya.

Wapo mafundi wanaoishia hapo, na hilo ni kosa. Mkazi wa Dar es Salaam ataelewa haraka kwa kutazama mabasi ya mwendokasi. Yana njia yao, lakini yakifika kwenye makutano hukutana na magari mengine, na huko huhitaji kuruhusiwa kupita kwanza. Mitandao pepe nayo, hata ikitengwa kwa majina, huchangia waya ule ule unaounganisha swichi moja na nyingine, au swichi na ruta.

Ndiyo maana sharti kuwepo na hatua ya pili, yaani kipaumbele. Pakiti huwekewa daraja kati ya 0 na 7, na sauti kwa desturi hupewa daraja la 5. Swichi ikiwa imeagizwa kuheshimu madaraja hayo, huitoa sauti kwanza na kuliacha faili lisubiri. Fundi aiagize pia isiamini daraja lolote linalodaiwa na kompyuta. La sivyo, mambo yatakuwa kama barabarani, ambako kila mwenye king'ora hujifanya gari la wagonjwa. Mpango huo huo uwekwe kwenye ruta, kwa sababu njia ya kutoka nje ya jengo ndiyo nyembamba kuliko zote.

Kuna jambo jingine ambalo wanunuzi hulisahau hadi giza linapoingia. Simu ya waya wa zamani ilipata umeme kutoka kwenye kituo cha simu, hivyo iliendelea kulia hata umeme wa jengo ulipokatika. Simu ya intaneti hunyamaza papo hapo, pengine wakati ule ule mtu anapotaka kuwaita zimamoto.

Tangu mwaka 2003 kumekuwa na kanuni inayoiwezesha swichi kuipa simu umeme kupitia waya wa mtandao, hadi wati 15.4 kwa kila tundu. Kwa matundu 24 hiyo ni karibu wati 370, na si kila swichi inayotangazwa kuwa na matundu hayo inaweza kutoa kiasi hicho kwa pamoja. Simu ya mezani isiyo na makuu hutosheka na wati chache tu, lakini mnunuzi asome jumla ya wati, asihesabu matundu peke yake. Kisha swichi, ruta na kifaa cha intaneti vyote viunganishwe na betri ya akiba. Kikisahaulika kimoja, vilivyobaki vitawaka taa bila kumpigia mtu yeyote.

Kabla ya kumlipa fundi, mwombe apige simu nje huku kompyuta tatu zikinakili mafaili makubwa, nawe usikilize. Simu hiyo ikiwa bado inaendelea, zima umeme kwenye swichi kuu ya jengo.