Kola ya farasi, goti la Mapendo

Goti ndilo linaloanza kazi. Kabla gunia la kwanza halijapanda, mwenye chukudu, kile chombo cha mbao cha kusukuma mizigo, huinama akapapasa kipande cha mpira kilichopigiliwa kwenye ubao, mahali atakapopumzisha goti kutwa nzima. Mpira ukiwa umechanika, au msumari umeinua kichwa, atajua mapema, maana asipojua kwa kidole atajua kwa nyama. Ndipo yanapakiwa viazi, mbao, au magunia ya makala. Huku kwetu makala ni mkaa, si hii unayoisoma.

Mapendo, mtaa wa katikati ya Goma, mashariki mwa Kongo, hauna farasi wa kukokota. Sijui mtoto wa hapa aliyewahi kumwona. Lakini kule kupapasa kwa asubuhi kunafanana sana na anachofanya mkulima wa Brabant, Ubelgiji, nyumbani kwa farasi wazito kuliko karibu wote duniani. Yeye hupapasa kola.

Kola hiyo ni duara refu la ngozi lenye umbo la yai, ndani limeshindiliwa mabua makavu ya nafaka. Chini ni pana, juu ni jembamba. Anayeiona mara ya kwanza hujiuliza itapitaje kwenye kichwa cha mnyama anayekaribia tani moja. Inapita ikiwa imepinduliwa. Kichwa cha farasi ni kipana zaidi penye macho, kwa hiyo upande mpana wa kola hugeuzwa uwe juu. Ikishavuka macho na masikio husimamishwa nyuma ya taya, shingo ilipo nyembamba, ikazungushwa taratibu kufuata mlalo wa manyoya, kisha ikateremshwa hadi mabegani. Hapo mtu huingiza kiganja bapa kati ya kola na koo. Kiganja kikipita, pumzi nayo itapita. Kikikwama, kola ni ndogo. Nafasi ikizidi sana, kola itacheza, itasugua, na jioni kidonda kitakuwa kinakusubiri.

Kuvua ndiko wanafunzi wanakokosea. Mtu amechoka, farasi amechoka, giza linaingia. Kwanza inafunguliwa miti miwili iliyopindwa, ile inayokaa kwenye mfereji wa kola na kushika minyororo. Kisha kola hupandishwa hadi nyuma ya taya, inageuzwa, ndipo inapitishwa kichwani. Asiyeigeuza atamgonga mnyama machoni, na farasi aliyegongwa leo kesho atainua kichwa juu asikamatike. Kazi bado: kufuta jasho, kukagua mabega, kuning'iniza kola ikauke. Ngozi iliyolala na chumvi ya jasho huamka ngumu kama gome.

Mambo yote hayo ni kwa sababu ya swali moja: mzigo umguse mnyama wapi? Ng'ombe ana nundu, na nira ikiegemea nundu anavuta bila shida, kama maksai wa Usukumani wanavyovuta plau. Farasi na punda hawana nundu. Nguvu yao inatoka kifuani na mabegani, na chombo kinachowakandamiza kooni kinawanyima hewa pale pale wanapoihitaji. Mwanzoni mwa karne ya 20 afisa mmoja wa farasi wa Ufaransa, Lefebvre des Noëttes, alifanya majaribio akadai kwamba watu wa kale waliwakaba farasi wao kwa mikanda ya koo, mpaka kola ilipoenea Ulaya katika Zama za Kati. Mfaransa mwenzake, Spruytte, alikuja kuunda upya mikanda hiyo miaka ya 1970 akaonyesha kuwa afisa alitia chumvi. Lakini kwamba farasi avute kwa bega, si kwa koo, hilo linabaki.

Punda wa Afrika Mashariki angeweza kusimulia hayo kwa ufasaha zaidi. Mara nyingi hutwishwa nira iliyochongwa kwa ajili ya ng'ombe, mti mtupu juu ya shingo isiyo na nundu, na vidonda vyake tumevizoea kiasi kwamba hatuvioni tena. Sisi wenyewe ndio tuliosema punda afe, mzigo ufike.

Kwa nini basi farasi hawakufika huku, ilhali waliotutawala walikuwa Wabelgiji wenye farasi hodari hivyo? Goma yenyewe, kwenye mita 1,500 hivi juu ya bahari, ina baridi ambayo farasi angeipenda. Tatizo lilikuwa njia. Kati ya pwani na maziwa, na tena msituni magharibi yetu, mbung'o walikuwa wakisubiri na nagana yao. Mnyama wa kubeba alikufa, mtu akabaki.

Mfalme Leopold II alijaribu kulikwepa hilo. Mwaka 1879 alileta tembo wanne kutoka India, wakashushwa Msasani karibu na Dar es Salaam, wapeleke mizigo hadi Karema kwenye Ziwa Tanganyika. Wengi wao walikufa njiani au muda mfupi baada ya kufika. Baadaye afisa Laplume alianza kukamata na kufundisha tembo wa Kongo yenyewe, kaskazini mashariki, kwanza eneo la Api kisha Gangala-na-Bodio, karibu na Garamba. Tembo hao walivishwa mikanda wakakokota plau na mikokoteni. Ndiyo hadithi ya kola iliyo karibu nasi zaidi, nami huifikiria kila nionapo noti kuukuu yenye picha ya tembo. Ila hawakuwahi kutosha kuondoa mzigo hata kwenye shingo elfu moja za watu.

Mwaka 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Force Publique, jeshi la kikoloni la Kongo, ilipotoka Kivu kwenda kuiteka Tabora, iliyoanguka Septemba 19, nyuma ya kila askari walikuwapo wapagazi. Upande wa Waingereza, jeshi kama hilo la wabebaji lilikiachia kitongoji cha Dar es Salaam jina lake, Kariakoo. Farasi walipimwa shingo kabla ya kuvishwa kola. Mpagazi alipimiwa mzigo tu.

Akina mama wa milima ya Kivu wana jibu lao kwa swali lile la mzigo uguse wapi. Ni mkanda unaopita kwenye paji la uso, gunia likilala mgongoni, mwili umeinama mbele. Ukimtazama mama aliyeubeba miaka mingi utaona alama ya mkanda hata siku ambayo hakubeba kitu. Chukudu ni jibu la vijana. Mti wa mkaratusi, magurudumu mawili ya mbao yaliyovishwa mpira wa tairi, usukani kama pembe, hakuna injini wala pedali. Moja inaweza kubeba mamia ya kilo za mboga na mbao zinazoteremka njia ya Rutshuru. Goti moja juu ya ubao, mguu wa pili unasukuma ardhi, na penye kilima kifua kinaegemea mzigo kama farasi anavyoegemea kola. Tangu 2009 mji una sanamu yake ya rangi ya dhahabu kwenye rond-point. Wachache sana waliokokota duniani wamesimamishiwa sanamu.

Jioni, mzigo ukishashushwa, nimetazama namna wanavyovua. Mpira wa goti haung'olewi, umepigiliwa ndani ya mti. Kinachovuliwa ni goti. Mwenye chukudu anaketi pembeni, anakunja suruali, anatema mate kiganjani na kulisugua goti pale lilipokuwa limekaa juu ya mpira, polepole, kwa kuzunguka. Kisha ananyoosha mguu na kuuacha hivyo, njiani, watu wakiuruka.