Sauti ya Babu Imo Ndani ya Utepe: Usiharakishe

Huenda juu ya kabati nyumbani kwenu, au chini ya kitanda cha bibi, pana sanduku zito lenye magurudumu mawili juu yake na vitufe vilivyopangwa kama meno ya ng'ombe. Ni mashine ya kunasa sauti ya zamani, ile ya utepe. Kando yake mna rili mbili tatu ndani ya maboksi yaliyofifia: harusi ya mwaka 1968, kwaya ya parokia, au babu akiwausia watoto wake. Mashine haijawashwa kwa miaka mingi. Sasa mjukuu amefika likizo toka mjini, naye asema, "Hebu tuiwashe tusikie!"

Mzuie. Mwambie, "Ngoja kwanza, mwanangu."

Utepe ule ni ukanda wa plastiki, upana wake kama milimita 6 tu, uliopakwa unga wa chuma wenye rangi ya kutu. Sauti imo katika unga huo, imeandikwa kwa sumaku. Ndivyo sauti ilivyoandikwa kwa sumaku katika tepe za kampuni ya BASF zilizotumika katika mashine ya AEG iliyoonyeshwa Berlin mwaka 1935, na ndivyo ilivyo katika wako. Unga ukibanduka, sauti imekwenda, wala hakuna fundi awezaye kuirudisha. Lakini mashine ikikataa leo, yaweza kutengenezwa hata mwaka ujao. Basi ponya mashine kwanza, na uijaribu kwa utepe usio na kitu cha maana.

Mimi nililijua jambo hili kwa hasara. Niliona magurudumu yanazunguka, nikadhani mashine imepona, nikaweka utepe wa shangazi akiimba nyimbo za kutwangia. Dakika tatu ikaenda vizuri. Kisha rili ya kupokea ikasimama, na ile ya kutoa ikaendelea kutoa. Utepe ukajirundika kama utumbo wa kuku na kujisokota kwenye kigurudumu cha mpira. Niliunga vipande, lakini beti mbili hazikurudi.

Haya, tuanze na umeme, maana hapo pana kifo. Mashine za zamani zenye taa za kioo ndani yake hutumia volti 250 na zaidi. Ndani mna kapasita, yaani vile vikopo vinavyoweka akiba ya umeme, navyo vyaweza kukupiga hata baada ya kuchomoa plagi. Kwa hiyo kazi ya ndani ya umeme mwachie fundi wa redio. Wewe tazama nyuma ya sanduku kama kitufe cha volti kimewekwa 220 au zaidi, si 110, na kama waya haukutafunwa na panya. Fundi mwenye akili haichomeki mashine iliyolala miaka mingi moja kwa moja ukutani. Huipitishia umeme kwenye balbu ya zamani, ile yenye uzi wa kuwaka. Balbu ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, ndani mna kasoro, naye huzima kabla moshi haujatoka. Mashine za kubebwa begani, kama Uher 4000 Report iliyoanza kuuzwa mwaka 1961, hutumia betri tano kubwa za tochi, hivyo hatari yake ni ndogo. Walakini tazama kama betri za zamani hazikuvujia ndani.

Ugonjwa mkubwa wa mashine hizi hauko katika umeme, uko katika mpira. Mama mwenye cherehani ataelewa upesi: mkanda ukilegea, gurudumu hupiga na nguo haiendi. Ndani ya mashine mna mkanda mmoja au zaidi, na magurudumu madogo ya mpira. Kwa miaka mingi mkanda hulegea, au huyeyuka ukawa kama lami. Lami hiyo ifutwe yote, kisha utiwe mkanda mpya wa kipimo kile kile. Ukitia mpana mno au unaobana mno, sauti itayumba kama mlevi arudiye nyumbani. Grisi ya zamani nayo huganda ikazuia vyuma kuzunguka. Iondoe, utie tone moja la oili ya cherehani penye mhimili. Nasema tone moja! Oili ikigusa mpira, kazi yako yote ni bure.

Sasa safisha njia ya utepe. Vile vipande vya chuma king'aavyo ambavyo utepe huvipapasa huitwa vichwa. Hivyo ndivyo visomavyo sauti. Vikishika uchafu, sauti husikika kama mtu asemaye nyuma ya blanketi. Chukua pamba kwenye kijiti, uichovye katika alkoholi safi ya isopropili, ya asilimia 90 au zaidi, usugue polepole mpaka pamba itoke nyeupe. Kigurudumu cha mpira kifutwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, kwa kuwa alkoholi huweza kukikausha mpira. Wala usikaribishe bisibisi yenye sumaku penye vichwa.

Weka utepe wa kujaribia, uuache uende mpaka mwisho. Mita 360 kwa mwendo wa sentimeta 9.5 kwa sekunde huchukua saa moja na dakika chache. Keti hapo, uangalie. Peleka mbele, rudisha nyuma, simamisha. Usipoona utepe ukilegea wala kukunjamana, hapo ndipo uulete ule wa babu.

Nao uuchunguze. Ukinuka siki, plastiki yake inaoza, uushike kwa upole sana. Ukilia kwiii na kuacha ute wa kahawia kwenye vichwa, simamisha mara moja. Tepe nyingi za miaka ya 1970 zenye mgongo mweusi zina maradhi hayo. Wapo wataalamu wanaozitibu kwa joto lililopimwa katika tanuri maalumu. Usijaribu kwa jiko la mkaa.

Tena, sauti ikiwa nyembamba kama ya kifaranga, au nzito kama ya fahali, mwendo umekosewa, geuza kitufe. Na ukisikia nyuma ya babu mtu mwingine akisema maneno kinyumenyume, usiite mganga. Ni upande wa pili wa utepe, mashine inausoma pamoja na wa kwanza kwa sababu vichwa vyake havilingani na vile vilivyonasa. Kama ina spika mbili, zima moja.

Mara ya kwanza isikikapo vizuri, iwe ndiyo mara ya kuinakili. Unganisha waya toka mashine hadi kompyuta, watoto wanyamaze, uache rili yote iende. Kisha usiurudishe utepe nyuma kwa kasi. Uuache ulivyojikunja polepole, uuweke wima ndani ya boksi lake, mbali na spika na mbali na joto la bati. Juu ya boksi andika nani anasema, mwaka gani, na mwendo gani.