Mtoto wa Buna Anafunzwa Nini Wiki Hii? (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza ya makala haya tulieleza jinsi Mtaala wa Umilisi ulivyoanza kutekelezwa Januari 2019, kuanzia chekechea hadi Gredi ya Tatu, na jinsi mfumo wa 8-4-4 uliodumu tangu 1985 ulivyofikia kikomo katika shule za msingi kwa mtihani wa mwisho wa KCPE mwaka 2023. Historia hiyo yafaa kujulikana, lakini haimjibu mzazi wa Buna, huku Wajir Kaskazini, ambaye swali lake ni jepesi zaidi: mwanangu akienda shule Jumatatu hadi Ijumaa, anafunzwa nini hasa? Swali hilo ni haki yake, na anastahili kujibiwa kabla ya afisa yeyote wa elimu.

Tuanze na madarasa ya chini, yaani Gredi ya Kwanza, ya Pili na ya Tatu. Baada ya kamati ya Rais iliyoongozwa na Profesa Raphael Munavu kutoa ripoti yake mwaka 2023, masomo ya ngazi hii yalipunguzwa kutoka 9 hadi 7. Wiki nzima ina vipindi 31, na kila kipindi ni dakika 30. Hisabati ina vipindi 5, Kiingereza 5, Kiswahili 4, mazingira 4, dini 3, lugha ya mama 2, na sanaa pamoja na michezo 7. Kimoja kilichosalia ni cha malezi ya kiroho. Ukijumlisha, mtoto anapata saa 15 na nusu za mafunzo kwa wiki. Huo ni muda mdogo kuliko wengi wetu tunavyodhani. Mtoto anayebaki nyumbani siku mbili kwa sababu ya zamu ya maji kisimani anapoteza vipindi kama 12 hivi, na somo la vipindi viwili kama lugha ya mama huenda likampita lote.

Sasa tutazame kilichomo ndani ya vipindi hivyo, maana orodha ya masomo peke yake haimwambii mzazi mengi. Chukua hisabati. Mtoto wa madarasa ya chini hufunzwa ujazo wa vyombo: kwanza analinganisha kipi kinabeba zaidi, kisha anapima kwa kikombe au kibuyu chochote, na baadaye ndipo anafika kwenye lita. Vitabu vingi vinaonyesha picha za chupa za soda na ndoo za plastiki zenye rangi. Buna haina haja ya picha hizo. Kila boma lina jerikeni ya lita 20, nyingine ya lita 5, na zile ndogo za lita 3 ambazo akina mama hupelekea maziwa sokoni. Mwalimu akiziweka zote tatu mbele ya darasa, somo limekamilika vifaa. Watoto wajaze ile ya 5, waimimine ndani ya ile ya 20, wahesabu mara nne. Kisha wajaribu kwa ile ya 3 waone kwamba mara sita hazitoshi na mara saba zinamwagika. Hapo mwalimu ameshafungua mlango wa kugawanya na wa baki bila kutaja neno lolote gumu. Na kwa kuwa maji hayachezewi katika nchi ya ukame, somo hili lifanywe kwa mchanga wa laga, yaani mto mkavu. Mchanga humiminika, haumaliziki, na kesho unatumika tena.

Hali ni hiyo hiyo katika kalenda na miezi ya mwaka. Mtoto wa mfugaji anajua mbuzi hubeba mimba miezi mitano na ngamia takriban miezi 13. Muulize: ngamia aliyepandwa Novemba mwaka huu atazaa mwezi gani? Atafikiri kwa bidii kuliko akiulizwa juu ya treni inayotoka Nairobi, kwa sababu jibu lina maziwa ndani yake. Mtaala wenyewe unataka jambo hili. Unamwelekeza mwalimu atumie vifaa vinavyopatikana katika mazingira ya mwanafunzi na afaraguze pale vya kununua vinapokosekana. Kwa hivyo mzazi anayeagizwa alete karatasi za manila, rangi za duka na picha za kuchapishwa mtandaoni ana haki ya kuuliza kwa adabu kama hakuna njia nyingine. Mara nyingi ipo.

Katika vipindi vile saba vya sanaa na michezo, walimu bora kabisa wa Buna hawamo kwenye orodha ya Tume ya Huduma za Walimu. Ni akina mama wanaosuka vyombo vya maziwa kwa nyuzi za mizizi, msuko ukibana mpaka tone lisipite, kisha wakavifukizia moshi wa ukuni uliochaguliwa ili maziwa yasiharibike upesi na yapate harufu inayopendwa. Wanasuka pia mikeka ya kuezekea nyumba zinazobebwa na ngamia. Ndani ya kazi hiyo mna ruwaza, ulinganifu, vipimo na usafi wa chakula. Mama mmoja akikaribishwa darasani kwa dakika 30, watoto watashika ufumaji kwa mikono yao wenyewe, na watamwona mtu wa kwao akiheshimiwa shuleni kama mwalimu. Ningependa kila mwalimu mkuu wa eneo hili alipange jambo hilo muhula huu.

Vipindi vitatu vya dini vina sura yao ya pekee huku. Watoto wengi hupitia duksi, yaani chuo cha Qurani, kabla ya kufika Gredi ya Kwanza. Huko wameandika aya kwenye ubao wa mti kwa wino wa makaa, wakazisoma kwa sauti mpaka zikakaa kichwani, wakaosha ubao na kuanza nyingine. Mtoto kama huyo akifika shuleni na kufunzwa Suratul Fatiha na Suratu Nnas, anazijua tayari. Kinachobaki ni mwalimu wa Elimu ya Dini ya Kiislamu kumpeleka kwenye maana, tabia njema na matendo ya ibada. Lakini kuna faida nyingine ambayo walimu wa masomo mengine hawaitumii vya kutosha. Mtoto wa duksi amezoea kukaa na herufi, kusikiliza kwa makini na kukumbuka. Mwalimu wa Kiswahili akimpa ngano fupi aisikilize kisha aisimulie, au wa hisabati akimfunza majedwali ya kuzidisha, atakuta akili iliyokwisha kunolewa. Mwalimu na maalimu wa duksi wakikaa pamoja na kupanga saa zao zisigongane, mtoto hafiki darasani amechoka.

Kuhusu lugha, sera ya nchi tangu ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ni kwamba mtoto wa madarasa ya chini afundishwe kwa lugha ya eneo lake. Buna watoto wengine husema Kisomali, wengine Kiborana, na wengi husema zote mbili. Kisomali kimekuwa na maandishi rasmi ya herufi za Kilatini tangu 1972, na Kiborana pia kinaandikwa kwa herufi hizo hizo. Kwa hiyo vile vipindi viwili vya lugha ya mama haviwezi kuachwa kwa kisingizio kwamba lugha hizi hazina maandishi. Kinachokosekana ni walimu wanaozijua.

Uchungu wenyewe uko hapo. Baada ya shambulio la basi karibu na Mandera mnamo Novemba 2014, lililoua watu 28 wakiwemo walimu, wengi wa kutoka nje walikataa kurudi Kaskazini Mashariki. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, Kaunti ya Garissa, na Tume ikawaondoa walimu wasio wenyeji katika eneo hili. Hakuna mtu mwenye moyo anayeweza kuwalaumu walioondoka. Hata hivyo, ratiba ya vipindi 31 iliyobandikwa ukutani haina maana pale mwalimu mmoja anaposimamia madarasa mawili au matatu. Suluhisho la kudumu ni vijana wa Wajir wenyewe kusomea ualimu, na njia yao huanzia kwenye vipindi hivi hivi tunavyovizungumzia.

Halafu kuna kalenda ya mvua. Muhula wa kwanza hufunguliwa Januari, katikati ya kiangazi kikali ambacho Wasomali hukiita jilaal na Waborana bona. Ndio wakati familia zinapohama kufuata malisho na maji. Kati ya mwishoni mwa 2020 na 2022 misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo, na maboma mengi yalibaki bila mifugo ya kuhamia popote. Mwalimu anayeandika maazimio ya kazi anapaswa kulijua hilo. Mada za msingi kama kusoma silabi na kujumlisha zirudiwe makusudi mvua za gu zinapowarudisha watoto, badala ya kuhesabiwa kuwa zilimalizwa Februari. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 iliunda Baraza la Kitaifa la Elimu ya Wahamaji, NACONEK, ili watoto hawa wasisahauliwe. Shule za kuhamahama na chakula cha mchana shuleni ni sehemu ya kazi hiyo. Sufuria ya githeri ikikosekana jikoni, mahudhurio hushuka wiki hiyo hiyo.

Madarasa ya juu, Gredi ya Nne hadi ya Sita, nitayaeleza kwa urefu wiki ijayo. Kwa leo itoshe kusema kwamba wao wana vipindi 35 vya dakika 35, na kwamba sayansi na kilimo huongezwa. Katika somo la jamii, mtoto wa Gredi ya Nne hujifunza kaunti yake. Buna ina cha kumwambia: mwaka 1940, katika Vita Vikuu vya Pili, majeshi ya Italia yaliteka Moyale mwezi Julai, kisha yakasonga hadi Buna na Debel, karibu kilomita 100 ndani ya Kenya. Wazee waliosimuliwa habari hizo na baba zao wangali hai. Waitwe darasani.

Ombi langu kwa bodi za shule za Buna ni moja, na halihitaji bajeti. Kila Alhamisi walimu waandike mistari michache juu ya kilichofunzwa wiki hiyo katika kila gredi na kitakachofuata. Ijumaa baada ya swala, mzee wa bodi aisome hadharani kwa Kisomali na Kiborana, na sauti hiyo hiyo itumwe kwa simu kwa wazazi walio malishoni. Mkutano wa kwanza wa wazazi muhula huu ulipitishe.