Kibali cha Bafu: Lipa Kaunti, Si Simu ya Mtu

Unapanga kupanua bafu ama kuhamisha bomba la maji taka? Kabla fundi hajashika nyundo, uliza ofisi ya mipango ya kaunti yako kama kazi hiyo inahitaji kibali. Kwa sheria ya 2019, kuanza ujenzi bila kibali kinachohitajika kunaweza kukugharimu faini ya hadi shilingi 500,000.

Mtu akikwambia, "Nitumie kwa laini yangu nikuharakishie," tunakusihi usitume. Kaunti haitakuwa na rekodi ya pesa hizo. Lipa kwa Paybill iliyo kwenye ankara, na usome jina kabla ya kuweka PIN. Kisha tunza ujumbe wa malipo na kibali chenyewe. Mkaguzi akibisha hodi, utakuwa na la kumwonyesha.