Gari la Kwanza na Mfuko wa Nyumba

Anayekusudia kununua gari la kwanza aghalabu huhesabu bei yake, akasahau ulaji wake.

Tuchukue gari lililokwisha kutumika, liagizwalo kutoka Japani na kushushwa bandarini Dar es Salaam. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, nao hukokotolewa juu ya bei ya gari pamoja na nauli ya meli na bima ya safari. Hufuata ushuru wa bidhaa. Kisha jumla ya yote hayo hutozwa kodi ya ongezeko la thamani. Gari kuukuu, lile lililoonekana rahisi, huongezewa ushuru kwa ajili ya umri wake.

Ada ya leseni ya kila mwaka ilifutwa mwaka 2017, lakini fidia yake iliingizwa katika bei ya mafuta. Bima ndogo ni ya lazima kisheria, nayo humfidia uliyemgonga. Bati lako utalinyoosha mwenyewe.

Yafaa basi mume na mke wakae na daftari kabla ya kununua. Kwa miezi mitatu waweke kando fedha za petroli, oili, bima na fundi, kana kwamba gari limekwisha kufika. Iwapo karo ya watoto itaguswa, gari na lingoje, hata kama majirani wote wanayo. Iwapo haikuguswa, akiba hiyo isitumiwe kwa redio wala mapambo: ni ya tairi.